Studio, chumba kimoja, viwili au vitatu? Kusoma ramani ya fleti kabla hujatoa pesa

Mpwa wangu alinijia baada ya sala ya Ijumaa, simu mkononi. Ndani ya simu mna ramani mbili za fleti zinazojengwa upande wa Fumba. Moja ina chumba kimoja na ukumbi, ya pili ina vyumba viwili. Anaoa mwaka huu, inshallah, na alikuwa hajalala siku tatu kwa kuwaza.

"Mjomba, hii ya viwili imezidi pesa kidogo tu. Si bora nichukue hii?"

Nikamwambia alete penseli na karatasi tupime. Chumba cha pili kilikuwa mita 2.1 kwa 2.4. Kitanda cha futi tano kwa sita kikiingia mle, kinabaki kijinafasi cha sentimita 58, na mlango wa sentimita 80 haufunguki wote. Kwenye tangazo ni chumba. Kwenye maisha ni stoo yenye dirisha.

Nimechora ramani za nyumba hapa Unguja kwa miaka mingi, na watu wengi ninaowaona wakijuta hawakujuta eneo wala rangi. Walihesabu vyumba, hawakuhesabu milango na kuta. Basi nimeona niyaandike haya kwa aliyekwama baina ya ukubwa mmoja na mwingine, awe anapanga au ananunua, awe Mbweni au Chake Chake.

## Mambo matano ya kupimia

Kabla hatujaziweka fleti pamoja, tukubaliane tunazipima kwa kitu gani. Mimi natumia mambo matano, na kila ukubwa nitaupitisha humo humo.

Nafasi inayotumika. Zile mita za mraba unazotajiwa zinaweza kuwa zimemeza unene wa kuta, roshani, hata fungu lako la ngazi na ujia wa pamoja. Uliza wazi: hesabu hii imeanzia wapi ikaishia wapi? Chumba kilichoandikwa mita 3 kwa 3, kama kipimo kimetoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, na tofali ni la inchi sita, ndani utakuta mita 2.85 kwa 2.85. Mita tisa zimekuwa nane na kidogo. Ukipewa futi za mraba, gawa kwa 10.76: futi 650 ni kama mita 60.

Mchoro wa karatasi wenye skeli ya 1:100, kila sentimita moja ni mita moja ya nyumba. Ukiwa 1:50, sentimita mbili ndiyo mita moja. Lakini picha ya simu haina skeli, kwa sababu unaivuta na kuifinya upendavyo. Hapo tumia mlango. Mlango wa chumba huwa sentimita 80 hadi 90, kwa hiyo upana wake kwenye picha ndiyo rula yako. Kisha kata vipande vya karatasi kwa vyombo vyako mwenyewe: kitanda cha sita kwa sita ni mita 1.83 kila upande, kabati la nguo lina kina cha sentimita 60, kochi kama sentimita 90. Vipange juu ya mchoro. Kile kimstari cha robo duara ni njia ya mlango unapofunguka, usiweke kitu hapo. Vitanda na makochi yaliyochorwa na muuzaji yasikuvutie macho, nimeona makochi ambayo binadamu wa kuyakalia hajazaliwa.

Upepo na jua. Tafuta mshale wa kaskazini kwenye ramani. Kama haupo, uulizie, na usitoe hata shilingi kabla hujaonyeshwa. Kwetu Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Disemba hadi Machi, na Kusi hushika sehemu kubwa ya miezi ya katikati ya mwaka ikitokea upande wa kusini. Fleti yenye madirisha pande mbili tofauti upepo unaingia huku unatokea kule. Yenye ukuta mmoja tu wa nje, upepo unagonga dirisha na kurudi. Ukuta wa magharibi hupigwa na jua la alasiri, na chumba cha kulala kikiwa upande huo, hadi saa nne usiku ukuta bado una joto.

Mshale huo una faida nyingine ambayo wachoraji wa kutoka nje hawaijui. Makka kwetu iko kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo mshale wa kaskazini ndio kibla chako. Tazama wapi utatandika mswala. Tazama na choo kimeelekea wapi, maana kukigeuza baada ya jengo kumalizika ni kuvunja sakafu na mabomba.

Njia ya mgeni. Nyumba zetu za chini zilikuwa na baraza nje na ua ndani. Mgeni wa kiume alimalizikia barazani au ukumbini, na wenye nyumba wakaendelea na shughuli zao uani bila kujitanda. Fleti haina baraza wala ua, kwa hiyo milango ndiyo ifanye kazi hiyo. Weka kidole kwenye mlango mkubwa, upeleke hadi anapokaa mgeni, kisha upeleke chooni. Je, umepita mbele ya kitanda cha mtu? Umemkuta mama jikoni kichwa wazi?

Jiko, maji na kamba ya nguo. Hapa ndipo siku nzima inapopita. Jiko lina dirisha au limeungana na ukumbi? Mtungi wa gesi unakaa wapi? Pweza na samaki wa kukaanga havina siri. Na nguo za watu watano zitaanikwa wapi wakati wa Masika? Roshani ya kina cha mita moja inatosha kamba lakini haitoshi kiti. Ikifika mita moja na nusu, mtu anakaa na mwengine anapita. Tanki la maji likiwa juu, umeme ukikatika bado utapata maji kwa muda. Likiwa chini na kutegemea pampu tu, umeme na maji vinaondoka pamoja. Waliokuwapo wakati kisiwa kizima cha Unguja kilikosa umeme kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Gharama, leo na mbele. Bei au kodi ni mwanzo tu. Kuna ada ya huduma ya jengo, ambayo mara nyingi huhesabiwa kwa mita za mraba, kuna Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, kuna kujaza tanki. Kwa mnunuzi, kumbuka kwamba ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, unachopata ni haki ya kuitumia. Ni Sheria ya Kondominium ya 2010 iliyofungua mlango wa mtu kumiliki fleti yake ndani ya jengo la pamoja. Kwa hiyo soma kwenye mkataba ipi ni yako peke yako na ipi ni ya wote: paa, uwanja, pahala pa gari, ukuta wa nje.

## Studio

Chukua mfano wa mita 30, yaani tano kwa sita. Choo kitakula mita tatu na kidogo, ukuta wa jiko pamoja na pa kusimama kama nne. Kitanda cha sita kwa sita na njia za kukizunguka ni mita saba na nusu. Umebakiwa na mita kumi na tano, ambazo ni kabati, meza, kiti na mlango. Kwa mtu mmoja inatosha vizuri, na ikiwa imechorwa na fundi mwenye akili, yenye kijukwaa au ukuta nusu wa kukinga kitanda, inatosha kwa raha.

Upepo ndio udhaifu wake. Studio nyingi hupangwa safu mbili na ujia katikati, kila moja ina ukuta mmoja wa nje. Tafuta ya pembeni. Njia ya mgeni haipo, kwani akifungua mlango tu kitanda kile. Jiko liko ndani ya chumba, harufu ya kitunguu italala nawe. Nguo utaanika kwenye kiroshani kama kipo.

Gharama ya jumla ni ndogo kuliko zote, feni moja au kiyoyozi kimoja kinatosha nyumba nzima. Ila ukigawa bei kwa mita za mraba, studio mara nyingi ni ghali kuliko fleti kubwa, kwa sababu choo na jiko ndivyo vinavyokula pesa katika ujenzi, na hivyo viwili viko hata nyumba iwe ndogo vipi.

Inamfaa kijana wa Pemba aliyepata kazi mjini na familia iko Wete, mwanafunzi mwenye uwezo, mtu mzima anayeishi peke yake aliyechoka kufagia vyumba visivyolaliwa. Inamfaa pia anayenunua kukodisha. Maharusi nao hukaa humo mwaka mmoja kwa mapenzi, sitawakataza, ila wakijua kwamba mama mkwe akija kulala, mmoja wao atalala kwa jirani.

## Chumba kimoja na ukumbi

Hapa tunazungumzia mita 45 hadi 55. Tofauti yake na studio ni ukuta mmoja na mlango mmoja, lakini ukuta huo unabadilisha maisha: mmoja analala, mwengine anapokea watu.

Jambo la kulitazama kwanza kwenye ramani ni choo. Kama kipo kimoja na mlango wake unafungukia chumba cha kulala, basi kila mgeni anayetaka kutawadha atapita kwenye kitanda chenu. Ramani za namna hii ni nyingi kwa sababu muuzaji anapenda kuandika "chumba masta". Tafuta yenye choo kinachofungukia kwenye ujia mdogo, au chenye milango miwili, mmoja wa chumbani na mmoja wa ukumbini. Kwa jambo hili peke yake nimemshauri mtu aache fleti ya mita 55 akachukua ya 47.

Upepo unategemea pembe. Ukumbi na chumba vikiwa vimetazama upande mmoja, mtaishi kwa feni. Jiko mara nyingi liko wazi kwenye ukumbi, ukiweza pata lenye pembe iliyojificha, isiyoonekana kutoka mlango mkubwa. Chumbani pima hivi: mita 3 kwa 3.6, kitanda cha sita kwa sita kichwa kikielekea ukuta mfupi, kinabaki sentimita 58 kila ubavu, na miguuni mita 1.77. Weka kabati la 60, imebaki mita 1.17 ya kupita na kuswali. Hicho ni chumba. Kikiwa mita 3 kwa 3, miguuni panabaki mita 1.17 kabla ya kabati, na ukiliweka kabati imebaki 57. Mlango wa kabati utagonga godoro.

Ukumbi wake pia ndio chumba cha wageni. Jamaa akiletwa kutoka Pemba kutibiwa Mnazi Mmoja, godoro litatandikwa ukumbini, na kwa wiki mbili hakuna pa kukaa. Inawezekana, tumeishi hivyo. Mtoto wa kwanza naye anaingia bila taabu, wa pili ndiye anayeanza kuuliza maswali.

Inawafaa maharusi, mjane au mstaafu ambaye watoto wameshajenga kwao, na mfanyakazi mwenye wageni wa mara kwa mara. Na kodi inayookolewa kwa kutokuchukua vyumba viwili si kidogo ikikusanywa miaka mitatu.

## Vyumba viwili

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoishia, na hapa ndipo ramani mbili zenye mita zile zile zinapoachana kama mbingu na ardhi.

Tuseme mita 70. Namna ya kwanza ya kuzipanga ni kuviweka vyumba vyote viwili upande mmoja, nyuma ya ujia mfupi, na choo katikati yao. Ukumbi na jiko viko mbele. Namna ya pili ni ukumbi katikati, chumba kimoja kulia na kimoja kushoto, milango yote ikitazama ukumbini. Ya pili haipotezi nafasi kwenye ujia, kwa hiyo ukumbi wake ni mkubwa, unapendeza kwenye picha, na hata upepo hupita vizuri kama pande zote mbili ni za nje. Lakini kila anayetoka chumbani anatokea mbele ya mgeni. Msichana aliyetoka kuoga afunge mlango asubiri mpaka wageni wa baba waondoke? Ya kwanza inaonekana ya kubana, ila ina pazia moja tu la kuweka mwanzo wa ujia na nyumba nzima ya ndani imesitirika. Kwa familia yenye kupokea watu wengi, ya kwanza. Kwa wawili wanaofanya kazi na kupanga fleti pamoja, kila mmoja na chumba chake, ya pili ni bora sana kwa sababu hakuna ukuta wa pamoja baina yenu.

Nafasi inayotumika itazame kwenye chumba kidogo. Je, kinaingia vitanda viwili vya futi tatu na nusu kwa sita, au cha ngazi, na meza ya kusomea? Mita 2.8 kwa 3 ni kiasi cha chini ninachokubali kwa watoto wawili.

Jiko kwa kawaida limeshakuwa chumba chake, lenye mlango. Afadhali. Angalia kama lina kijiroshani cha nyuma cha kuwekea gesi, ndoo na mbuzi ya nazi, na hata jiko la mkaa siku gesi ikiisha. Hicho ndicho ua wako. Nilikuwa napenda sana kwenda kwa shangazi yangu Michenzani nikiwa mdogo. Serikali ya Mzee Karume ilianza kujenga maghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, Kikwajuni na Kilimani kwanza, na yale marefu ya Michenzani yakaja kuinuka miaka ya 1970. Watu walitolewa kwenye nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo zenye ua, wakapandishwa juu. Shangazi alikuwa na vyumba vyema vya saruji na bomba, na bado kila alasiri anashuka na kinu chake chini ya jengo, kwa sababu jikoni hakuna pa kutwangia. Mchoraji hakumuuliza. Basi wewe jiulize mwenyewe.

Gharama: hapa ada ya huduma inaanza kuhisiwa, na viyoyozi vinakuwa viwili au vitatu. Choo cha pili kikiwapo, nyumba ya watu watano inapumua alfajiri. Kama nafasi ya kuchagua ipo baina ya choo cha pili na roshani ya mbele ya kutazamia bahari, mwenye watoto achukue choo.

Miaka ijayo ndiyo swali gumu la vyumba viwili. Dini imetufundisha kuwatenganisha watoto malazi wakifika miaka kumi. Ukiwa na watoto wa kiume watupu au wa kike watupu, vyumba viwili vitakupeleka mpaka waoe. Ukiwa na wa kiume na wa kike, hesabu miaka iliyobaki mpaka mkubwa afike kumi: ndiyo miaka ya fleti yako. Hapo mtu anakuwa na njia mbili, kuhama au kuugawa ukumbi. Kwenye ramani tazama kama ukumbi una madirisha mawili yaliyoachana. Ukiwa nayo, siku moja utaweza kukata chumba kidogo chenye hewa. Uliza tu kwanza kama unaruhusiwa kuongeza ukuta, na kama ule unaotaka kuubomoa si wa kubebea jengo. Kuta nene zilizojazwa weusi kwenye mchoro na nguzo zake usiziguse.

## Vyumba vitatu

Mita 90 na kuendelea. Watu huona vyumba vitatu ni usalama: hata wageni wakija, hata watoto wakikua. Ni kweli, na kwa familia ya wanne au watano wanaoishi na mzazi mzee sioni badala yake. Chumba cha bibi kiwe karibu na choo na mbali na ukumbi wa televisheni.

Ila ujia ndio mwizi wake. Ujia wa mita 1.2 kwa 7 ni mita 8.4 za mraba, sawa sawa na kile chumba cha watoto wawili nilichokitaja juu. Umekilipia, unakilipia ada, na hakuna anayelala humo. Ramani nzuri ya vyumba vitatu ina ujia mfupi wenye makabati ukutani.

Chumba cha tatu kikague kuliko vyote. Mimi mwenyewe niliwahi kupanga fleti ya "vyumba vitatu" kwa maneno ya dalali, nikakuta cha tatu dirisha lake linafungukia kwenye kishimo cha hewa katikati ya jengo, ambako mabomba ya vyoo yanapita. Kwenye mchoro kishimo hicho ni kisanduku kidogo chenye msalaba ndani. Nilikiona, nikadhani ni nguzo, na wakati ule nilikuwa tayari mchoraji. Tulikaa miezi kumi na nne na chumba kile hakikulaliwa hata usiku mmoja.

Upepo kwa kawaida ni mzuri kwa sababu fleti kubwa hupewa pembe za jengo. Njia ya mgeni inapatikana kwa urahisi, na zikifika siku nne za sikukuu, wanawake wana pa kukaa na wanaume wana pao. Kwa shughuli kubwa, hitma au arusi, hata vyumba vitatu havitoshi, tazama uwanja wa jengo na upana wa ngazi. Pima hasa ngazi. Siku mgonjwa anateremshwa amelala, watu wawili na machela wageukie kwenye kile kipande cha katikati ya ngazi. Kwenye ramani ya ghorofa nzima, si ya fleti yako peke yake, utakiona.

Gharama za kuendesha ndizo kubwa, na vyumba visivyotumika hula feni, rangi na usafi vile vile.

## Jambo ambalo ramani haikuonyeshi

Urefu wa dari. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya kama mita tatu, na bado mtu haoni kubanwa, kwa kuwa dari iko juu na joto linapanda huko. Omba mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limekatwa kutoka juu hadi chini. Dari ya mita 3 kwenye chumba kidogo ni bora kuliko ya 2.5 kwenye chumba kikubwa kidogo. Na ghorofa ya mwisho kabisa, chini ya paa la zege lisilofunikwa, huhifadhi joto la mchana kama chungu.

## Kwa hali yako

Kama uko peke yako, kazi yako iko mjini na kila mwisho wa mwezi unavuka kwenda Pemba, studio ya pembeni inatosha. Kama kwenu ni karibu na wageni wa kulala ni wengi, panda hadi chumba na ukumbi.

Maharusi wenye pesa za kodi ya chumba kimoja kizuri au viwili vibovu: chukueni kimoja kizuri chenye choo kinachofungukia ujia, pangeni miaka miwili mitatu, wekeni akiba. Maharusi wanaonunua, na hawatarajii kuuza karibuni, waelekee viwili, lakini chumba kidogo kisipungue mita 2.8 kwa 3.

Wenye watoto wa kiume na wa kike, mkubwa ana miaka saba au nane, msinunue vyumba viwili isipokuwa ukumbi unagawika. Aidha pangeni kwa sasa, au ongezeni kufikia vitatu hata kama ni mbali zaidi na mji, mradi mmehesabu nauli ya skuli.

Anayekuja kuishi na mzazi asiyepanda ngazi, ghorofa ya chini ya vyumba viwili ni bora kuliko ya nne ya vyumba vitatu. Lifti iliyochorwa si lifti inayofanya kazi umeme ukikatika, uliza kuhusu jenereta.

Aliyekwama baina ya viwili vikubwa na vitatu vidogo, kwa bei moja, apange vile vipande vya karatasi juu ya ramani zote mbili. Chumba cha tatu kikikubali kitanda, kabati na mlango kufunguka, na dirisha lake ni la nje, achukue vitatu. Kikikataa kimojawapo, achukue viwili.

Mpwa wangu alichukua chumba kimoja na ukumbi, mita 48, ghorofa ya pili. Madirisha ya ukumbini yametazama kusini, ya chumbani mashariki. Amenitumia picha jana, wameshaweka mapazia.